Bwana Yangu Alimushuhudia Uongo Mupagazi Mwenzake

Papa Mushauri mupendwa, wewe unayejibu watu katika gazeti letu la misioni, nakuomba unisaidie, na unisikilize mupaka mwisho mbele ya kunihukumu, maana hapa kambini hakuna muntu hata mumoja ninaweza kumuambia maneno haya.

Mimi ni Drocella, mama wa watoto watatu, na tunaishi katika kambi ya kampuni moja inayopeleka mizigo na vifurushi vya watu, kutoka Kirotshe kupanda Masisi na kushuka mupaka Walikale. Bwana yangu Nestor alianza pale kama mupagazi, akibeba kwa kichwa, na rafiki yake wa njia alikuwa Evode, walikuwa wanalala chini ya hema moja na kula sahani moja, na bibi ya Evode, Libérata, nyumba yake iko karibu na yangu, mulango unatazama mulango. Mwaka jana kampuni iliuzwa, akakuja direkteri mupya, akaleta magari, akasema wapagazi ni wengi sana, watabaki wale wa njia ya Pinga tu ambako gari haliwezi kufika, na hao wanaobaki watabeba mizigo ya kuzidi, na wengine wote warudi kwao na watoke katika nyumba za kambi. Watu walilia, Papa. Wanaume wazima walifunga vyombo vyao na kwenda, wengine mupaka Itebero kwa miguu, na bibi zao na watoto nyuma yao.

Kampuni iko na baraza la wafanyakazi, na Evode alikuwa ndani yake. Siku direkteri aliwaita, wote walinyamaza, Evode njo alisimama akasema, "Bwana, watu hawa walibeba kampuni kwa mabega yao wakati hapakuwa gari. Uwapatie basi kazi ya kupakia na kupakua, ao uwaachie nyumba mupaka wavune." Direkteri hakukasirika, aliandika kidogo, akasema asante, baraza imeisha.

Kisha wiki ile ile alimuita Nestor peke yake, na Nestor alirudi nyumbani akasema atakuwa kapita, musimamizi wa magari, na tutapata nyumba ya matofali, nami nilifurahi, nilipika kuku. Sikuuliza kitu.

Mara tukasikia askari wamekamata Evode, eti yeye ni muntu wa Kitawala, ile dini serikali imekataza, na wewe unajua kwetu Masisi neno lile linaleta nini tangu mwaka 1944, watu wa Kitawala walipoinuka juu ya serikali. Muntu wa Kitawala hafungwi tu, wanamupeleka mbali, katika kambi ya wafungwa huko, na hakuna anayemuambia siku ya kurudi. Libérata alitoka kule kwenye baraza la hukumu, akaingia kwangu, hakukaa. Akasema, "Mama Béata, bwana yako njo alishuhudia. Alisema alimuona Evode Jumapili ya Matawi, juu ya kilima, anasali na watu wa Kitawala."

Papa, Jumapili ya Matawi Evode hakuwa juu ya kilima. Jumapili ile njo nilishikwa na uchungu, mutoto alikaa vibaya ndani ya tumbo, na magari ya kampuni yalikuwa yamesimama pale uwanjani, lakini mulinzi alisema hana ruhusa. Evode alitengeneza kipoyi kwa mianzi na blanketi yake, akanibeba yeye na Nestor na wanaume wengine wawili, tukashuka mupaka hospitali ya Kirotshe, mvua inanyesha, na mimi nilikuwa naona mugongo wa Evode mbele yangu njia yote. Ma Sere, mutawa mwenye kuzalisha pale, alimupatia chai. Njo vile mutoto wangu Béata iko muzima.

Libérata akaniambia, "Mimi wamenikataa, wanasema bibi atamutetea bwana yake. Wale wengine wawili walifukuzwa, wako kwao Itebero. Wewe watakusikia." Nikamujibu nitaona. Akanitazama, akatoka.

Nilimuuliza Nestor. Alivua viatu. Akasema, "Direkteri aliniuliza kama ninataka kazi ao ninataka rafiki. Kama si Evode, ingekuwa mimi. Ungelala wapi na watoto?" Kisha akasema nikifungua kinywa, yeye ataingia gerezani badala ya Evode, na nyumba tutanyanganywa siku ile ile, na watoto watajua ni mama yao alimufunga baba yao.

Sasa sili vizuri, maziwa yamepunguka, Libérata nikikutana naye kwenye maji ananisalimia kama zamani na hiyo njo inanishinda kabisa. Nifanye nini, Papa? Nimuharibie bwana yangu, ao ninyamaze?

Mimi Drocella, wa kambi

JIBU

Mama Drocella, barua yako nilikujibu mara moja kwa mukono wa Padri aliyekuwa akipanda Masisi, kwa sababu gazeti linachelewa na Evode hawezi kungoja. Sasa naichapa kwa ruhusa yako, na majina yote nimeyabadilisha. Haya njo niliyokuandikia.

Pole, mama. Unaishi katika nyumba ya muntu anayeweza kuwatoa inje kesho asubuhi, na yeye anajua hivyo, na alimushika bwana yako hapo hapo. Nestor si muntu mubaya kuliko wengine. Aliogopa. Lakini acha kuniandikia kwamba wewe utamuharibia. Alijiharibia mwenyewe siku alipofungua kinywa, na wewe unaulizwa tu kama utakaa juu ya uongo wake na kunyonyesha mutoto hapo.

Tena unaniudhi kwa neno moja. Libérata alikuja kwako, na wewe ukamujibu "nitaona". Utaona nini? Umeona tayari, ulikuwa ndani ya kipoyi. Yeye pia ni bibi ya muntu, naye pia iko na watoto, na nyumba yake watainyanganya mbele ya yako.

Fanya hivi. Zungumuza na Nestor leo, bila kelele, umuambie aende mwenyewe kurudisha neno lake, maana anayejirudi mwenyewe hukumu yake inakuwa nyepesi. Umungoje mupaka Jumapili, usizidishe. Akikataa, toa kwanza watoto na vyombo kambini, upeleke kwa mama yako, ili wasikutishe na nyumba. Kisha shuka Kirotshe umuombe Ma Sere akuje nawe, maana yeye alimuona Evode kwa macho yake. Usiende peke yako. Umuombe Padri awasindikize mupaka kwa bwana mukubwa wa serikali pale Masisi. Sema ulichoona tu. Ya direkteri usiseme kama hawakuulizi, maana hukuwa pale, na wakikuuliza, sema maneno Nestor alikuambia, bila kuongeza.

Na Libérata umuambie leo hii.

Sasa wasomaji mujue mambo yalivyokwenda, kama Mama Drocella alivyoniandikia kisha.

Nestor hakwenda. Jumapili jioni alimusaidia bibi yake kufunga vyombo, akabaki peke yake katika nyumba ya matofali. Drocella na Ma Sere walisimama mbele ya bwana mukubwa, na Libérata alikaa inje na Béata mugongoni. Evode alifunguliwa, amekonda, anakohoa. Kampuni haikumurudisha kazini, wakasema njia ya Pinga imejaa. Wamehama, yeye na Libérata, kwenda kulima kwa ndugu zake. Nestor alifungwa kwa kushuhudia uongo. Direkteri alisema hakumutuma muntu kusema kitu, na hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Baraza la wafanyakazi lingali linakutana, lakini anayesema pale ni direkteri peke yake.

Mama Drocella anaandika hivi: "Kila juma namupelekea Nestor bugali na mboga ya sombe gerezani. Anakula akinipa mugongo. Juma lililopita aliniuliza kama Béata ameanza kukaa. Nilimuambia ndiyo, anakaa. Akaendelea kula."

Endelea kumupelekea, mama. Na juma lijalo umubebe mutoto, umuonyeshe.