Mji Nilioutunga

Ukiliokota daftari hili, nakuomba ulifunge. Kama umeshaanza kusoma, usimwambie mtu hata neno moja. Zaidi ya wote, Mama Aikaeli, mwajiri wangu.

Jumatatu, 6 Machi
Mvua tangu alfajiri. Mlima Meru hauonekani. Nimepiga chapa barua nne, ndiyo kazi ya karani. Mama Aikaeli na wenzake watatu wanakwenda Kinshasa kufuata vitenge. Siku hizi kila mwenye duka ana pasipoti. Ameniagiza ukurasa mmoja wa kuueleza mji, "maana wewe umeishi kwa Wafaransa."

Sijaishi. Nilidanganya hivyo kwenye usaili, nipate kazi. Kifaransa changu ni cha sekondari, kitabu kimoja.

Jumanne, 7 Machi
Maktaba hawana kitu. Nimeandika ninachokijua kutoka kitabu kile. Mji mkubwa, mto katikati, makumbusho, muziki, watu mikahawani. Teksi zinasubiri kwa foleni uwanja wa ndege. Treni zinapita chini ya ardhi. Nilijiambia mji wa Kifaransa ni mji wa Kifaransa.

Mama ameniita profesa. Nimeona aibu na furaha pamoja. Sijui ipi zaidi.

Ijumaa, 10 Machi
Nimempelekea suruali Papaa Ilunga, fundi cherehani wa karibu na soko. Alikulia Kinshasa. Nikamwonyesha ukurasa. Alicheka mpaka mguu ukaacha kukanyaga cherehani.

"Mutoto, hii njo Paris! Treni ya chini? Chini kule kuko maji tu."

Mto upo, akaeleza, lakini ng'ambo yake ni nchi nyingine. Mtaa wa Gombe ni maghorofa na Kifaransa. Mtaa wa Matonge ni bendi, bia, na wanaume wanaovaa kila siku kama wanaoa. Sokoni ni Kilingala. Wachoraji wa mabango kila kona. Kisha akaacha kucheka. Maduka yamewahi kuporwa, akasema. Mgeni asishuke kwenye ndege bila mwenyeji wa kumpokea.

Hawana mwenyeji. Wana ukurasa wangu.

Jumapili, 12 Machi
Jana nilikusudia kumwambia Mama. Sikuweza.

Leo, wakati wa matangazo, mchungaji ametaja wasafiri. Mama Aikaeli akaomba ukurasa usomwe, usharika usikie elimu ya mtoto wa hapa. Umesomwa wote. Nyuma yangu bibi mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Chini ya ardhi! Mimi nitakwenda huko mara moja tu, nikishakufa."

Nikaitwa mbele na wasafiri, tukawekewa mikono pamoja. Namwogopa Mungu. Namwogopa Mama zaidi. Hilo nalo linanitisha.

Jumatatu, 13 Machi
Nimesema yote.

Mama Aikaeli hakupaza sauti. "Jana ulipiga magoti pale mbele, ukapokea baraka, huku unajua?"

"Ndiyo, mama."

Hakuuliza habari za Kifaransa wala za usaili. Nilidhani atachukia ukurasa. Amechukia baraka. Sielewi. Nimekuwa nikiogopa kosa lisilo lenyewe.

Safari imeahirishwa. Papaa Ilunga ameitwa ofisini. Ana dada Kinshasa, atampelekea ujumbe awapokee. Walikaa wakizungumza kama mimi sipo. Nikaacha ufunguo wa ofisi mezani, nikaondoka.

Jumanne, 14 Machi
Leo sikwenda ofisini.

Alhamisi, 20 Aprili
Kikatiti, kwa mama yangu. Mahindi yamefika magotini. Tumepalilia tangu asubuhi. Hajaniuliza kwa nini nimerudi, nami sijasema.

Akina Mama Aikaeli wameondoka jana, mpita njia ametuambia. Hakujua zaidi. Papaa alikuwa hajapata jibu la dada yake nilipomwona mara ya mwisho.

Kama umesoma mpaka hapa, basi umeshajua, na sitakuomba tena unyamaze. Njoo. Shuka Kikatiti, fuata njia ya upande wa mlimani mpaka kwenye mashine ya kusaga, uliza kwa mama yake Eliamani, ndiye mimi. Usiulize karani, hawamjui. Njoo mchana, tuko shambani nyuma ya nyumba. Huna haja ya kukaa. Niambie tu kama yule dada yake Papaa alikuwepo uwanja wa ndege.