Nilichokiona Bandani mwa Farasi

Wetherholme, Yorkshire,
9 Novemba 1787.

Mpwa wangu mpendwa Keziah,

Salamu nyingi kutoka kwenye kiti cha bwana mkubwa, Lodi Ravensby mwenyewe, nilikojinyoosha nikinywa mvinyo wake mwekundu. Haya, nimedanganya. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa jikoni kwa mama yako, na kikombeni mna chai ya majani yaliyochemshwa mara tatu. Hujambo lakini? Mumeo naye, na baridi ya huko Halifax, ng’ambo ya bahari? Mimi mzima, ila goti la kushoto limeacha kunitii.

Lodi na mkewe umewahudumia mezani, unawajua. Alimwoa kwa ajili ya migodi ya makaa ya baba mkwe, na hajamsamehe Bibi kwamba watu walijua. Tangu uondoke mwaka jana wamezidi. Kila mmoja hukaa ncha yake ya meza, na mzee Pruett, mtumishi wa mezani, ndiye tarishi.

“Pruett, mwambie Bibi supu imepoa.”

“Pruett, mwambie Bwana imeiga tabia zake.”

Sasa Lodi anataka kumwacha. Wakubwa wa huku hawaachi mke kwa neno la kinywa. Lazima watumishi waape kwamba wamemwona na mwanamume mwingine. Akishinda, Bibi hatawaona tena wanawe wawili mpaka waote ndevu.

Basi wakili wa Lodi akanijia bandani mwa farasi na kidau cha wino. “Mzee Jabez, mwaka juzi, siku ya gulio la kondoo, hukumwona Bibi humu na mwalimu wa kinanda?”

“Mwalimu wa kinanda anaogopa farasi, bwana. Niliyemwona humu siku hiyo ni Lodi, na mjane wa mwenye kinu cha kusagia ngano, juu ya majani makavu. Andika hilo nitie sahihi.”

Akafunika kidau chake.

Kesho yake akaja Lodi mwenyewe. “Wenzako wanne wameapa. Wewe nani hata ukatae?”

“Wa tano, Bwana.”

“Nyumba unayolala ni yangu.”

“Basi kalale wewe. Inavuja.”

Akanifukuza. Miaka arobaini na mmoja nimeendesha gari lao la farasi, tangu enzi za baba yake, nikatoka na kofia na mjeledi. Mjeledi ni wake, na simrudishii.

Kesi ni Aprili, London. Nitasimama kizimbani hata kwa goti moja. Ila wakili wa Bibi anasema mzee aliyefukuzwa ataonekana analipiza kisasi. Anataka shahidi wa pili.

Mama yako anakusalimu sana, na dada yako Dorcas pia, ambaye bado anakoroma. Mungu akufupishie majira ya baridi na akurefushie kuni.

Sasa, ulipovunja lile bakuli la buluu la Lodi, nani alisema kalivunja yeye, kama si mimi? Nakudai fadhila moja ndogo. Siku ile ya gulio ulishinda chumbani na Bibi, mkimkanda mtoto mwenye homa. Nenda kwa hakimu wa huko, uape, akuandikie mistari miwili, uitume kwa meli ya kwanza.

Wako akupendaye, asiye na nyumba wala bwana,
Mjomba Jabez Tuckwell