Jina la Déo Redioni

Jumapili, 2 Mei 1999

Mazoezi baada ya misa ya pili. Tulikuwa watano tu. Pascal amekimbilia Minova kwa shemeji yake, anasema huko angalau kuna samaki. Bunduki zetu mbili za hewa bado zinapiga, ingawa ile kuukuu inavuja mahali na sina fundi. Karatasi za shabaha nimechora mwenyewe kwa kikombe na kisahani, tukazibandika kwenye ukuta wa depo la zamani la sementi.

Déo alipiga kama kawaida yake, polepole hadi unaudhika. Kijana huyu wa Luberizi, chini uwandani, anakaa kwetu Nyalukemba, hapa Bukavu, kwa ajili ya masomo, mwaka wa pili sasa. Analala kifudifudi, anapumua, anasahau dunia. Karibu zote katikati. Namwonea wivu. Mimi nikilala pale nawaza bei ya unga.

Askari wawili walisimama wakicheka. Mmoja aliuliza kama tunaua mende. Mji mzima umejaa bunduki, na zetu, zisizoweza kuua hata panya, ndizo za kuchekwa.

Jumanne, 4 Mei

Nimeitwa kwa watu wa usalama. Silaha zote za raia zirudishwe kabla ya mwisho wa mwezi. Nikasema hizi si silaha, ni vifaa vya mchezo. Bwana akauliza kama zina mtutu. Zina. Basi, akasema. Njia imebaki moja: ofisi ya michezo itutambue kama klabu.

Nikapanda ofisi ya michezo. Bwana wa huko ni mpole, na upole wake haunisaidii. Hawezi kuutambua mchezo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Tujulikane kwanza. Redio iseme, watu wasikie, ndipo yeye apige muhuri.

Kumbe ni redio tena. Miaka mitatu nabisha mlango ule.

Baba aliujua mchezo huu kwa Wabelgiji, alipokuwa akiwapangia karatasi na kuwachemshia chai. Walipoondoka wakamwachia bunduki mbili. Akanifundisha mimi kwa sababu hakupata mtoto wa kiume, na alilisema hilo bila haya. Zikichukuliwa, imekwisha. Hakuna mwingine hapa atakayewaonyesha vijana kwamba mtu anaweza kushika bunduki asubuhi nzima na jioni kila mtu akarudi kwao kula.

Ijumaa, 7 Mei

Redioni. Rémy wa kipindi cha michezo alinipokea wima, hata kiti hakunionyesha. Jumapili alitangaza mpira ambao haukuchezwa, maana timu moja ilizuiliwa njiani. Alieleza kwa kirefu jinsi ambavyo ungechezwa. Mpira usiokuwepo una nafasi. Sisi hatuna.

Mchezo wetu wa kulenga tunauita tir. Alisema: "Maman, tir haiko sport. Hapa kwetu tir iko vita. Batu bakiisikia kwa redio batakimbia na magodoro."

Nilikasirika hadi nikasahau mwavuli kule. Mvua ilininyeshea njia nzima. Sikurudi kuuchukua. Afadhali nilowe kuliko kumwona tena.

Jumapili, 9 Mei

Mvua. Hakuna mazoezi. Mume wangu anasema nizirudishe tu hizo bunduki nilale usingizi. Maharagwe niliyaacha yakaungua kidogo, kwa makusudi.

Jumapili, 16 Mei

Mashindano. Nilialika mji, wakaja padri wetu, tunayemwita abbé, walimu wawili wa shule ninakofanya kazi ya ukarani, na watoto wa jirani waliodhani kuna biskuti. Si kitu. Tulipanga viti. Abbé alijaribu kupiga, akakosa karatasi nzima, akacheka vizuri.

Déo wa kwanza, na aliyemfuata yuko mbali kabisa. Walimu walimpigia makofi. Alijificha nyuma ya mti kama mtu aliyeiba. Ana aibu ya kusifiwa. Mama yake alimlea hivyo, peke yake, katika mashamba ya mpunga, mtoto mmoja tu aliyebaki kati ya wote aliowazaa.

Kesho naenda redioni. Mara hii sitoki bila kitu.

Jumatatu, 17 Mei

Nilikaa mlangoni kwa Rémy mpaka kichwa chake kikamuuma. Mwishoni akasema, kwa nini sitoi komunike kama watu wote? Ni tangazo la kulipia kidogo tu, na hakuna anayekataliwa.

Nilijishangaa kwamba sikuwahi kuwaza hilo. Saa ya komunike mji wote hunyamaza. Sufuria zinashushwa. Betri za mwisho zinachomwa juani ili zifike saa ile. Wanasoma waliokufa, halafu waliopotea, halafu waliofika salama. Nani hasikilizi? Kuanzia hapa hadi uwandani Ruzizi hakuna masikio yasiyokuwa pale.

Niliandika papo hapo, juu ya goti. Wana desturi yao: lazima ianze kwa jamaa na marafiki, kisha jina la mtu, kisha kwao. Kwa hiyo nikaandika kwamba jamaa na marafiki wote wa Déogratias Byamungu, mwana wa Luberizi, wanatangaziwa kuwa Jumapili, huko Nyalukemba, alikuwa wa kwanza katika mashindano ya kulenga shabaha. Luberizi niliiweka kwa furaha. Mama yake asikie. Nilijiona mjanja sana.

Jumanne, 18 Mei, mchana

Wamesoma! Kati ya maziko ya Bagira na mzee aliyepotea tangu Pasaka. Msomaji hakubadilisha hata sauti, lakini amesoma. Nimemkumbatia mfagiaji wa shule. Bwana wa ofisi ya michezo sasa aniambie hatujulikani.

Jumanne, jioni

Wamama kama kumi wamekuja na vitenge vimefungwa kiunoni, wanalia kuanzia barabarani. Shangazi zake Déo wa Kadutu, majirani zao, na mmoja aliyebeba mfuko wa maharagwe ya matanga. Déo ndiye aliyewafungulia mlango. Mmoja alianguka chini. Wengine walimgusa uso, mikono, wakamgeuza kama kitambaa sokoni.

Hawakungoja mwisho wa maneno. Nani hungoja, saa ile? Jina likisomwa, kilio kinaanza, na kilio kinafunika yaliyobaki.

Tulicheka. Naandika ukweli, tulicheka hadi machozi. Maharagwe yao tuliyapika, tukala pamoja. Mume wangu akasema Déo ni maiti wa kwanza kuomba kuongezewa.

Halafu Déo akaweka sahani chini. Alisema: "Lakini maman yangu anasikilizaka ile saa. Kila siku. Kwa jirani."



Jumatano, 19 Mei

Nimefika redioni kabla hawajafungua. Komunike ya pili: Déogratias Byamungu ni mzima, yuko Bukavu, mama yake asisafiri, abaki Luberizi. Nimemwomba msomaji asome mara mbili. Alisoma mara mbili, polepole. Ni mtu mwema.

Phonie ya parokia, ile redio ya kuitana na misheni nyingine, ilichukuliwa na wanajeshi tangu mwaka jana. Magari hayashuki uwandani wiki hii, nimekwenda mwenyewe hadi maegesho kuuliza. Madereva wanatazama chini.

Déo alitaka kushuka kwa miguu. Nilisimama mlangoni. Pale barrière, kwenye kizuizi cha askari, wanakamata vijana wa umri wake kuwabebesha masanduku ya risasi hadi milimani, na wengi hawarudi. Nilimwambia redio itamfikia mama yake kabla yake. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Alhamisi, 20 Mei

Shule. Nimekosea majina ya wanafunzi wawili. Déo hali chakula. Anakaa kwenye kizingiti akitazama barabara.

Ijumaa, 21 Mei

Mwanamke mwuza mchele amefika kwa kupitia ng'ambo, upande wa Rwanda. Nilimtafuta hadi nikampata. Anamjua mama yake Déo. Anasema mama huyo ametoka Luberizi Jumatano alfajiri na mdogo wake, kuja huku kwa miguu. Waliposoma ile komunike ya pili, yeye alikuwa tayari njiani.

Nimejiambia: njiani pia kuna redio. Kamanyola imejaa redio. Watamwambia. Atageuka.

Jumamosi, 22 Mei

Mama mdogo wake Déo amefika mchana. Peke yake. Miguu imevimba, viatu mkononi.

Aliponiona aliingia bila hodi, akamwona Déo, akakaa sakafuni. Hakulia. Alimtazama tu, muda mrefu, kama amekasirishwa naye.

Mama amekufa. Alhamisi, akipanda Ngomo. Hakuna aliyempiga. Hakuna risasi. Alikuwa na presha tangu zamani, na mlima ule unawachosha hata mbuzi. Alikaa juu ya jiwe, akaomba maji, akaegemea. Watu wa njiani walisaidia kumbeba hadi Nyangezi, wakristo wa kule wakamzika jana.

Niliuliza kama hawakusikia redio. Heri nisingeuliza.

Alisema: "Balimuambia, maman. Batu bote njiani. Kamanyola balimushika mikono: rudi, mutoto wako iko muzima, tumesikia kwa redio. Yeye ananiambia: unasikia? Ni vile basemaka kwa mama ya maiti."

Ni kweli. Ni vile tunavyosema. Mimi mwenyewe nilimwambia dada yangu hivyo hivyo, alipokuwa anatoka Uvira kuja kumzika baba. Mzee anaumwa kidogo tu, njoo taratibu. Kwetu hakuna anayemwambia mfiwa ukweli kabla hajafika nyumbani. Ni huruma, na kila mtu anaijua huruma hiyo. Kadiri walivyomwambia kwamba Déo ni mzima, ndivyo alivyoongeza mwendo. Alikuwa anasema wasimzike bila yeye.

Jumapili, 23 Mei, Pentekoste

Wamama wale wale wamerudi. Vitenge vile vile. Sasa kuna kilio cha kweli.

Déo hajaniambia neno moja baya. Ananiletea kiti. Angenitukana ningepumua. Nimejifungia jikoni nikauma kitambaa.

Nimemuua mama wa watu ili bwana mmoja apige muhuri. Siwezi kuliandika kwa namna nyingine. Mume wangu anasema ni vita. Vita haikuandika Luberizi kwenye ile karatasi. Vita haikusimama mlangoni Jumatano. Mtoto angeshuka, wangekutana chini ya mlima, angemwona kwa macho yake. Barrière labda wangemkamata. Labda. Hilo labda limempeleka mama yake kaburini.

Jumanne, 25 Mei

Abbé amempeleka Déo Nyangezi kwa pikipiki ya misheni, akiwa amevaa kanzu yake ili waheshimiwe. Barrière wamepita bila swali.

Bila swali. Jumatano ile nisingeweza kumwomba abbé? Sikumwaza. Niliwaza redio.

Ijumaa, 28 Mei

Sokoni wengi wananijua. Wanasukumana viwiko. Ndiye yule wa tir. Mwuza mafuta alinieleza habari yetu yenyewe, mwanzo hadi mwisho, bila kujua anamweleza nani, na hakukosea sana.

Bwana wa ofisi ya michezo ameniita. Alinipa pole kwa mikono miwili. Halafu akatoa muhuri. Anasema sasa hakuna mtu Bukavu asiyeijua klabu yetu, hata mkubwa wake ameuliza habari zetu. Bunduki zinabaki kwetu.

Niliona wino unakauka. Miaka mitatu nilikuwa nautamani huu wino. Nilimshukuru, maana nimelelewa. 

Jumatatu, 31 Mei

Rémy amekuja hadi nyumbani, na mwavuli wangu. Ametupa nafasi katika kipindi chake, kila Jumapili, baada ya mpira. Anataka niwe nikileta matokeo kabla ya saa kumi. Alikuwa na aibu machoni. Hata yeye si mtu mbaya. Sijui nimchukie nani.

Jumatano, 2 Juni

Déo amerudi. Amekonda. Ameniletea mfuko wa mchele kutoka kwa mama mdogo wake. Wananitumia mimi mchele.

Jumapili, 6 Juni

Kiangazi kimeanza. Vumbi hadi kwenye meno.

Sikupanga mazoezi. Baada ya misa Déo alichukua bunduki nyuma ya kabati, akanitazama, nikamfuata. Wengine hawakuja. Wazazi wao wamekataa, na wana haki.

Kabla ya kulala chini alisema: "Maman, jina yangu usiandike tena. Fasi yoyote."

Nikasema ndiyo, popote pale.

Alipiga polepole. Sijamwona akipiga polepole vile. Nilikwenda ukutani kuichukua karatasi. Tundu moja tu katikati, limeliwa ukingo kidogo, risasi zote zimepita hapo hapo. Baba hakuwahi. Wale Wabelgiji wake hawakuwahi. Sijui kama hapa kwetu kuna mtu aliyewahi.

Hakuuliza amepigaje. Alifuta bunduki kwa kitambaa, tukarudi nyumbani kwa njia ya chini.

Saa kumi imepita. Rémy bila shaka alingoja. Jioni nilitafuta kitu cha kuwashia mbabula, jiko letu la makaa, nikaichukua karatasi ile mfukoni, nikaikunja, nikaitia chini ya makaa. Ilishika mara moja. Nikabandika mchele. Déo akaenda kuchota maji.