Dirisha Moja Tu

Nyumbani kwa dada yako,
chumba cha mbele, mezani pa cherehani.
Jumapili, tarehe 16 Juni.

Mpendwa Mjomba Rula,

Shikamoo. Pokea pia salamu za dada yako, ambaye amekaa hapa pembeni akipiga pindo na kuniuliza kila baada ya mstari nimeandika nini. Goti lako la kushoto linasemaje siku hizi? Mkaza mjomba hajambo? Na binamu zangu, bado wanagombania kiti cha karibu na redio?

Sisi huku ni wazima. Bibi anasikia vizuri sana anachotaka kusikia, na akiambiwa habari ya dawa anakuwa kiziwi papo hapo.

Sasa Mjomba, nakujua. Ukikutana na neno "ofisi" utaikunja barua hii uiweke chini ya redio. Nakuomba usifanye hivyo. Nina habari ya yale madirisha ya shule, na ni habari njema. Mkaza mjomba, wewe ndiye unayemsomea kwa sauti, kwa hiyo kaa upande wa mlango asije akatoka.

Kwanza nikiri kosa. Huu ni mwezi wa tatu niko kwenye majaribio katika ofisi ileile uliyoiacha, kwa Msanifu yuleyule. Mama alikwambia nimepata kazi ya kuchora ramani, hakusema wapi. Hakudanganya, alifupisha. Nimepewa meza yako ya karibu na dirisha. Droo ya chini bado inakwama mpaka uipige teke, na nilipoipiga nikakuta kipande cha rula chenye alama za meno yangu ya utotoni. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Wiki iliyopita nilifanya kosa ambalo nusura linimwagie unga. Tulikuwa na ramani ya nyumba ya wageni, vyumba kumi na vinane, vyote sawa. Mkaza mjomba, nikueleze kidogo, maana huyu mumeo hatakueleza. Kwenye kompyuta mchoraji hachori kitu kilekile mara kumi na nane. Anatengeneza alama moja, pamoja na maandishi yaliyomo ndani yake, kisha anaiweka kila inapohitajika. Ni kama karatasi ambayo Mama hukatia kola: kola ni nyingi, karatasi ni moja. Tofauti ni kwamba kwenye kompyuta ukiipunguza karatasi, hata kola zilizokwisha kushonwa zinapungua.

Mteja alitaka chumba kimoja cha mwisho kiwe stoo. Nikaikuza kona ile mpaka ikajaa kioo chote, nikaifungua alama, nikafuta CHUMBA CHA MGENI, nikaandika STOO YA MIFAGIO. Nikaifunga, nikaona imekaa vizuri, nikachapa. Asubuhi yake nikaitandaza ramani mbele ya mteja, mama mmoja mkimya mwenye mkoba mkubwa, nikasimama pembeni nikisubiri sifa.

Alipitisha kidole chumba hadi chumba, polepole, mpaka mwisho wa ukumbi.

"Kwa hiyo wageni wangu wote ni mifagio?" akauliza. "Tena mnaipa vitanda na makabati!"

Mjomba, niliinama kuitazama. Nyumba nzima ilikuwa stoo za mifagio, kumi na nane, ghorofa ya chini na ya juu. Yule mama alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta machozi. Mimi nilikuwa natafuta pa kujificha, hata ndani ya stoo moja kati ya hizo.

Msanifu hakucheka, wala hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Mteja alipoondoka akavuta kiti karibu na kompyuta yangu akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia, "Nilibadilisha kimoja tu, bosi." "Hebu rudia," akasema. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, na ya tatu akafanya mwenyewe, akabadilisha maandishi ya chumba kimoja na kutazama vyote vikigeuka. Kisha akavua miwani, akasema nimletee ramani ya shule.

Hapa nasimulia kwa ajili ya binamu zangu, waliokuwa wadogo na wana haki ya kusikia kwa usahihi. Miaka saba iliyopita baba yenu alichora shule yenye madirisha ishirini na mawili ya upana wa sentimita 120. Waashi walijenga nafasi za 120, ila moja tu, kama mistari ilivyochorwa. Lakini fundi wa chuma alisoma maandishi ya kwenye karatasi, na karatasi ilisema 150 kila dirisha. Fremu ishirini na moja zikagoma kuingia. Zilirundikwa uwanjani, watoto wakazifanya magoli ya mpira. Na kwenye kona ya karatasi lilikuwepo jina la baba yenu.

Ulisema ulichora sawa, Mjomba. Hakuna aliyekusikiliza, kwa sababu kompyuta yako mwenyewe ilipofunguliwa nayo ilisema 150. Nakumbuka ulivyotafuta nakala yako hapa nyumbani siku mbili, ile uliyozoea kuchapa siku unayomaliza kazi, kuiandika tarehe kwa penseli na kuja nayo. Hukuipata. Siku ya tatu ulianza kujishuku mwenyewe, nilikuona. Baada ya hapo ukafunga mizigo ukaenda kuuza vigae huko mbali, na mkaza mjomba ananiambia hata jirani alipokuomba umchoree banda la kuku ulikataa. Banda la kuku, Mjomba!

Basi jioni ile nilirudi nyumbani nikapindua kila kitu kuitafuta nakala ile. Mama alikuwa anakata sare, hana habari nami. Nikamwona ameweka juu ya kitambaa kile kikaratasi chake cha kukatia mkono wa shati, na nyuma yake kuna mistari. Mistari iliyonyooka hivyo naijua ya nani.

Ndiyo, Mjomba. Ramani yako haikupotea. Dada yako alikata mashati nayo.

Tulitoa karatasi zake zote kwenye boksi tukazigeuza mezani: mikono miwili, mgongo wa gauni, kola tatu na mfuko. Tukaziunganisha kama watoto wanavyounganisha picha. Madirisha kumi na tisa yalionekana. Matatu yalikwenda na mkato wa shingo. Yote kumi na tisa yameandikwa 120. Na kwenye ncha ya mkono wa kushoto, kwa penseli yako, ipo tarehe: siku moja kabla ramani haijapelekwa kwa fundi.

Mama alikaa chini. Alilia, sikufichi. Ameniagiza niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie mdogo wangu, mimi sijui kusoma ramani, niliona karatasi ngumu nzuri nikaikata. Lakini yeye namjua. Sikuamini hata siku moja kwamba alikosea." Na mimi naongeza kwamba kwa miaka saba watoto wa mtaa huu wamevaa mashati yaliyokatwa kwa ushahidi wako.

Asubuhi nikaibeba ile mikono ya shati mpaka ofisini. Msanifu alikuwa amekwisha kuitandaza ile iliyopelekwa kwa fundi. Akaiweka yako kando yake, akasoma hii, akasoma ile. Kuna dirisha moja la stoo ya vitabu ambalo kwako lilikuwa 120, na kwenye ile ya pili hata mistari yake imevutwa kufikia 150. Akaweka kidole pale, hakukiondoa.

"Mwalimu mkuu alinipigia jioni, akataka stoo ipate mwanga zaidi," akasema. "Mjomba wako alikuwa ameshaondoka, nikakaa kwenye kompyuta yake. Nilibadilisha dirisha moja tu."

Alifungua alama ya dirisha akaandika 150, Mjomba, akafunga. Alitazama kona yake tu, kama mimi nilivyotazama yangu, akachapa akapeleka. Kompyuta ikabadilisha yote ishirini na mawili bila kelele. Nilimuuliza, na Mungu anisamehe kwa namna nilivyomuuliza, kama siku zile zote hakuwahi kushuku. Alinijibu ukweli, nami nakupa kama ulivyo. Alisema moyo ulimgonga kidogo, lakini akajiambia yeye aligusa moja, na yaliyoharibika ni mengine yote, basi haiwezi kuwa yeye.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Ila mchana wake aliwapigia simu fundi wa chuma na yule mwalimu mkuu, mlango wazi, sote tukisikia, akawaambia kosa lilikuwa lake. Fundi wa chuma alipaza sauti hata mimi nikasikia kutoka mezani pangu: "Mimi nilisema! Nilisema Rula hapindi!" Hakusema wakati ule, lakini tumsamehe, leo kila mtu alisema.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Msanifu kwako. Aliiandika kwa mkono, akachana mbili kabla ya hiyo. Sijaisoma. Najua tu anataka uwe mkaguzi wa ramani zetu, hukohuko uliko ukipenda, au hapa ukirudi. Anasema ofisi haijawahi kupata jicho kama lako. Sikulazimishi. Kukasirika ni haki yako, na kama unataka kukasirika mwezi mzima, kasirika, mradi mwezi ukiisha utujibu.

Alama zenyewe, zile ulizoitengenezea ofisi wewe, nimezirekebisha. Yale maandishi yanayofanana kila mahali nimeyaacha ndani ya alama. Yale ya vipimo na majina nimeyafanya ya kujaza, kila dirisha na lake, kila chumba na chake, ukigusa kimoja vingine havitikisiki. Ilinichukua siku mbili na maneno kadhaa ambayo Mama hapendi niyaseme. Majaribio nimepita, kama ulikuwa unajiuliza. Yule mteja mwenyewe alisema asifukuzwe mtu aliyemchekesha hivyo.

Nisalimie binamu zangu wote, na mdogo kabisa mwambie kamba yake ya kuruka ninayo. Bibi anamsalimu mkaza mjomba na anauliza kama bado anaweka sukari nyingi kwenye chai. Mama anakusalimu mara nyingi kuliko nafasi iliyobaki.

Mkaza mjomba, umesoma vya kutosha, Mungu akubariki kwa sauti yako. Sasa mpe ile karatasi kubwa iliyokunjwa, aifungue mwenyewe.

Hiyo ni nyumba ya wageni, Mjomba. Tazama kwenye kona, penye jedwali la majina. Msanifu aliniambia nilifungue lile jedwali, nalo ni alama, niandike ndani yake mstari mmoja usiofutika: kwamba alama za ofisi hii zilitengenezwa na wewe. Nikaweka jina lako kamili, si Rula. Niliandika mara moja tu, na kurasa zote kumi na moja zikabadilika.

Chini yake kuna kisanduku cha "Imekaguliwa na". Hicho nimekifanya cha kujaza, na nimekiacha wazi. Ndani ya bahasha kuna penseli, nimeichonga kwa wembe kama ulivyonifundisha. Mimi nimehesabu vyumba vya wageni kumi na saba na stoo ya mifagio moja. Lakini mimi nilishawahi kuhesabu vibaya. Hesabu na wewe.

Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri na goti jepesi.

Mimi mpwa wako, ninayekupenda tangu enzi za kutafuna rula zako,

Kifutio