Ustadhi na prosesa ya kor mbili

"Inatosha, Mama Adila! Mtoto ataka nini zaidi?"

Shoga yangu Hajra, hivyo ndivyo fundi wa duka la kompyuta alivyong'ang'ana nichukue kompyuta yenye prosesa ya kor mbili, ile yenye nguvu ndogo. Nilishamwambia mara tatu: naitaka ya kuchezea gemu, si ya kuandikia barua. Nilimwahidi Adila kompyuta ya gemu akikhitimu msahafu, na kakhitimu. Siwezi kumpelekea kimeo.

Nikamwambia, mimi hata cherehani sinunui bila kushonea. Washa nijaribu.

Nikakaa. Gemu la ngumi. Shoga, nikanogewa! Mkoba chini, mtandio begani, napiga kelele dukani kwa watu, "Mpige! Mpige huyo!"

Nyuma yangu nikasikia, "Assalaam alaykum."

Ustadhi Pazi! Mwalimu wa Adila wa madrasa, kaja kutoa kopi! Na juzi tu nilimwambia magemu ni upuuzi, namnunulia mtoto kwa sababu ya ahadi.

Nikageuka, nikavuta mtandio. Papo hapo kompyuta ikaganda, ngumi yangu ya kwenye gemu iko hewani.

Unajua Ustadhi alisema nini? Akainama, akasema polepole, "Mama Adila, chukua ya kor nne. Ya kwangu ya kor mbili iliganda hivyo hivyo, nikapigwa."

NIKAPIGWA! Ustadhi, Hajra! Nikapigwa!

Nikamwambia fundi aniwekee ya kor nne hapo hapo, nikalipa.

Niko kwenye bajaji, nimeipakata. Adila atangoja kidogo. Yule mpinzani wangu wa kwenye gemu hajamaliza kupigwa.