Mkebe Chini ya Biblia

Kitui, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

U mzima, Mwaitu? Baridi ya Nunguni imepungua, au bado unaenda kanisani na makoti mawili? Sisi huku tunaokwa na jua, lakini wote tu wazima. Kaka Mutua ameniambia kichwa kinakuuma tena, na kliniki ya presha hujaenda miezi minne. Tangu aniambie, chakula hakinishuki.

Ninaandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikitaja ugoro unasema mtandao umepotea, na nyuma yako namsikia Kalondu, mke wa kaka, akicheka. Haya, barua haina mtandao. Utaisoma mpaka mwisho.

Unajua nilipewa kazi ya kupanga jinsi hospitali yetu itakavyowasaidia wagonjwa na wafanyakazi kuacha tumbaku. Mimi na haraka zangu nikaanza na lango. Nikabandika tangazo: tumbaku ya aina yoyote isiingie. Nikampa mlinzi kikapu cha kukusanyia, nikajiona nimemaliza.

Siku ya tatu akaja susu mmoja, bibi wa rika lako, ana kidonda cha sukari mguuni. Mlinzi akamwambia atoe ugoro. Susu akaushika mkebe kwa mikono miwili.

"Hii mkebe ni ya mzee wangu. Alikufa akaniachia. Sasa nirushe hapo na za watu wote?"

Akageuka, akarudi kwao akichechemea, bila kuonwa na daktari.

Niliposikia, nilikwenda kumfokea mlinzi. Nikamkuta nyuma ya jikoni anavuta sigara na muuguzi mwenzangu! Kabla sijafungua mdomo mlinzi akasema, "Sista, mimi nimejaribu kuacha mara tatu. Hakuna mtu hapa amewahi niuliza." Hasira ikaniishia palepale. Tangazo nilikuwa nimeliandika bila kuongea na mtu hata mmoja.

Kesho yake nilimfuata susu nyumbani. Ugoro sikuutaja. Nilimwosha kidonda, nikamwomba msamaha. Nilipomaliza, akautoa mkebe mwenyewe. "Na hii ndio inafanya isipone?" Nikamwambia ugoro unachangia. Sasa anakuja kila Jumanne na mkebe wake, na ananusa kidogo kuliko zamani. Kikapu tulikitoa. Siku hizi tunamuuliza kila mtu kwa upole, tena faraghani, na wa kwanza kuja kupata ushauri walikuwa mlinzi na yule muuguzi.

Mwaitu, mkebe wako ulio chini ya Biblia, ndani ya kiondo, nimeujua tangu niko darasa la nne. Na najua kwa nini uliacha kliniki: daktari alikuuliza habari ya ugoro mbele ya akina mama wa kanisa. Nami Krismasi nikaja kukuhubiria vilevile mbele ya wajukuu. Nisamehe. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho mimi sikitaki. Nakupenda mno.

Nisalimie Mutua na Kalondu, na shangazi Kamene aliyenifunza kusuka viondo. Mchungaji pia, ila huyo usimsomee barua.

Kliniki yetu ya presha ni Jumanne. Kaka atakuleta. Njoo na kichwa chako kinachouma, na mkebe wako pia. Nitakuwa langoni mwenyewe, na sitakuomba uutoe.

Ni mimi binti yako,
Mwende