Mama Tini, Nimefika Kwenu

Mama Tini,

Nimefika kwenu. Nilitaka kuanza na salamu ndefu kama wanavyotaka shuleni, lakini wewe siwezi kukuuliza hali, na hali yangu mimi ni uchovu mtupu. Basi nianze na lenyewe: nimefika Ngrandu, kijijini kwenu Java, nimelala kwenye chumba ulicholala ukiwa msichana, na sasa nimerudi Doha. Rahma, mwanao, sikurudi naye.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho mimi na wewe. Kiarabu na Kiingereza nimefundishwa, vina mitihani. Kiswahili chako ulikiokota jikoni kwetu, kwa baba na kwa shangazi akipiga simu kutoka Tanga, ukakisema kwa ile sauti yako ya kuomba radhi hata unapoagiza chumvi tu. Siku baba alipokuleta akasema, "Huyu sasa ni mama yako mdogo," mimi nilitazama viatu vyako. Wewe ukatazama vyangu. Watu wawili wenye haya ndani ya chumba kimoja Al Sadd! Ilituchukua muda kufika usoni.

Ngoja nikueleze tangu ulipoondoka.

Rahma alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Baba aliendelea na basi lake la wafanyakazi, alfajiri kuwachukua Industrial Area, jioni kuwarudisha. Mimi nikienda shule, mtoto alibaki kwa Dada Achieng, yule Mkenya wa chumba cha pembeni, mlinzi wa zamu ya usiku. Anarudi macho mekundu, bado na sare, anagonga mlango: "Leteni bosi wangu. Huyu ndiye bosi pekee hanikati mshahara." Anamlaza kifuani, wanalala wote wawili mpaka nirudi. Kisha zamu yangu. Namfunga mgongoni kwa kanga, nakoroga uji, nafanya hesabu za shule nimesimama, kwa sababu nikikaa tu analia. Darasani nikawa nasinzia. Mwalimu wa Kiarabu alikuwa anagonga meza yangu kwa kalamu, "Ya Zuhura, asubuhi imefika kwa wenzako." Darasa linacheka. Sikumwambia kitu. Unanijua.

Halafu kampuni ikamhamisha Dada Achieng, wakampeleka jengo la wafanyakazi wanawake huko nje ya mji. Mtoto haruhusiwi hata getini. Siku ile baba alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni mpaka chakula kikapoa. Kisha akasema, "Tumpeleke kwa bibi yake."

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Baba aliposema vile, nilichofikiria kwanza ni usingizi. Nilijiona nimelala, nimejifunika, hakuna anayenivuta nywele. Kilio kilikuja baadaye. Usingizi ulitangulia.

Mama Tini, hukuniambia kwamba kwenu ni mbali hivyo. Ulisema "mlimani kidogo". Tulishuka kwenye ndege, tukapanda gari la kukodi lililopanda mpaka masikio yakaziba, na lami ilipokwisha tukapakiwa kwenye pikipiki: baba moja, mimi na Rahma moja, mizigo moja. Ile ya mizigo ilitutangulia, na dereva wake akatangaza, kwa hiyo tulipofika kijiji kizima kilikuwa kimetoka. Walisimama kimya na kofia zao pana za mianzi, wanatutazama kwa adabu, kama vile sisi ndio tulioshtuka na wao wanatusubiri tupoe. Wageni hawafiki kule. Waje kutazama nini? Ni majaruba ya mpunga yamechongwa ngazi kwa ngazi mpaka juu, nyumba za vigae, msikiti mdogo, na bata kila mahali, bata wenye amri kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Nilidhani wataanza na rangi yetu. Labda walianza nayo, sijui. Lakini mama yako alitoka ndani anajifuta mikono, akampita baba, akanipita mimi, akaja nyuma yangu, akainua ncha ya kanga akamtazama Rahma. Akasema neno. Lastri, mdogo wako, akanigeuzia kwa Kiarabu: "Anasema pua hii ni ya Tini." Watu wakacheka. Kisha mmoja akaanza kulia, na wote wakafuata.

Hivyo ndivyo tulivyoongea siku zote. Mama yako anasema Kijava, Lastri anakigeuza Kiarabu alichojifunza kwenye majiko ya watu Jeddah, mimi nakigeuza Kiswahili, baba anajibu, na jibu linarudi njia ile ile. Kiarabu cha baba unakijua, ni cha kushoto, kulia na ngoja. Lastri alinicheka sana: "Wewe unaongea kama taarifa ya habari! Sema kama mtu." Mimi, ambaye darasani siinui mkono hata jibu nikilijua, nikawa mdomo wa watu wote kibarazani.

Waliniita mjukuu tangu siku ya kwanza, na mama yako nikamwita Mbah, yaani bibi, kama watoto wengine. Walituletea mihogo ya kukaanga, baba akatafuna akafumba macho: "Hii Tanga hii." Mbah akauliza kama kaburi lako lina mti. Baba akasema halina, ni mchanga. Akaniuliza mimi kama naenda kukufagilia. Nikasema sijawahi kuingia, siku ya mazishi wanaume ndio walioenda, mimi nimeuona ukuta wa makaburi tu kwenye dirisha la basi. Aliposikia hayo alivuta bakuli langu. Akaniongezea wali.

Jioni moja baba akakohoa, akaniambia, "Zuhura, sasa mwambie. Mwambie tumemleta mtoto akae hapa, mpaka mambo yangu yatengemae."

Wote wakanitazama mimi. Rahma alikuwa mgongoni, pumzi yake ya moto shingoni. Mama Tini, ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema tumekuja kutembea, kesho kutwa tunaondoka wote watatu, na baba angedhani nimesema aliyonituma. Hapakuwa na mtu wa kunisahihisha. Nikasema yale yale aliyosema baba, bila kupunguza, kwa Kiarabu changu cha taarifa ya habari.

Mbah hakumjibu baba. Aliniuliza mimi.

"Mtoto analala na nani?"

Na mimi.

"Akishtuka usingizini anamwita nani?"

Nikajionyesha kifuani kwa kidole.

"Basi niachie nguo yako. Hiyo unayolala nayo."

Nikaona aibu mpaka masikioni. Ni lile dera la buluu. Lilikuwa na uji, lilikuwa na jasho la ndege na la pikipiki, na bega moja limeganda mate ya Rahma. Na wewe ndiye uliyenifundisha. Miaka yote ile kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, unarudi mikono inanuka sabuni, unaniambia, "Zuhura, usimpe mtu nguo chafu, hata kama anaitaka ya kupigia deki." Basi kulipokucha nikaenda bombani. Nikalifua, nikalisuuza, nikalirudia tena. Nikalianika juani, nikalikunja kwa namna yako, mikono ndani, pindo kwa pindo, na nikampelekea kwa mikono miwili. Nilijivunia, usinicheke.

Mbah akalipokea, akalinusa. Akanitazama. Akalinusa tena, akampa Lastri, Lastri akanusa akampa jirani. Jirani akakaa chini kwa kicheko. Lastri alishindwa kutafsiri kwa muda, anajipiga paja tu: "Ya binti! Umeifua dawa!"

Ndipo wakanieleza. Kwenu mama akisafiri anaacha nguo aliyoivaa, haijaguswa na maji, na mtoto anafunikwa nayo usiku mpaka moyo wake utulie. Ikishafuliwa ni kitambaa tu. Wewe lazima ulilijua hilo, hukupata tu sababu ya kuniambia.

Kisha Mbah akauliza kwa sauti ndogo kama nguo zako zipo hata moja. Baba akainama. Akasema tulizitoa sadaka zote, kwa heshima, zimefuliwa na kupigwa pasi. Nilitafsiri nikiangalia mkeka. Mbah akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubali bei kubwa. Nadhani hakuwa anamuulizia Rahma. Nadhani aliitaka yeye.

Akasimama, akanitupia dera. "Vaa. Twende ukalitie jasho."

Ulikuwa wakati wa kupandikiza mpunga. Wanawake wanajipanga mstari, miguu kwenye tope, wanachomeka miche huku wanarudi kinyumenyume, hakuna anayemwambia mwenzake neno la kazi, na nyuma yao, yaani mbele yao, linabaki shamba la kijani. Mimi nilichomeka, miche yangu ikaelea. Wakapokezana kicheko mpaka mwisho wa mstari. Lastri akapaza sauti: "Wanasema mpunga wako umelewa!" Mwingine akasema bata watanishukuru. Nikawa nabaki nyuma, na aliyekuwa kushoto kwangu na aliyekuwa kulia wakawa wanachukua sehemu yangu kidogo kidogo, bila kunitazama, mstari usikatike.

Na Rahma? Walikuwa naye wale waliosubiri zamu tutani. Kila mmoja ana kitambaa chake, wanambeba ubavuni, si mgongoni kama sisi. Mwanzoni alilia, anautafuta mgongo wangu. Wakampitisha kwa huyu, kwa yule, kwa msichana wa makamo yangu, na akafika kwa mmoja akanyamaza. Mimi nimeinama mle topeni, mgongo wangu mtupu na yeye yuko karibu, ndiyo mara ya kwanza tangu ufe. Nikalia nikiwa nimeinama, jasho na machozi vyote vikaingia kwenye dera. Mbah akaniona. Akasema kitu, Lastri akageuza: "Anasema vizuri, na hiyo iingie."

Nililivaa mpaka siku ya kuondoka. Lilinuka, Mama Tini. Baba alikaa mbali na mimi.

Siku yenyewe baba alitaka tuondoke mtoto akiwa amelala. Mbah akakataa kabisa. Alisema mtoto aliyetorokwa anamtafuta mtu kwenye kila mlango. Aage. Basi nikapiga magoti uani, Rahma alikuwa na bata, nikamwambia, "Rahma, mimi naenda Doha. Wewe unabaki na Mbah." Akanitazama vizuri. Akasema, "Doha." Akageuka akaendelea kuwafukuza bata. Ni hivyo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Nikaingia ndani nikabadilisha nguo. Dera nikampa Mbah kama lilivyo, sikulikunja. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitupa begani, akaenda kumwangalia mtoto.

Sasa niko hapa. Baba anaondoka alfajiri, naenda shule, narudi, nalala. Nalala na sare. Nalala mpaka baba ananigongea bakuli kwa kijiko. Nilidhani nikilala uchovu utaisha, kumbe ule haukuwa wa usingizi peke yake. Dada Achieng alinipigia, akaniuliza, "Na bosi wangu?" Nikamwambia amepata kazi ya bata. Tukacheka.

Lastri hupiga Ijumaa. Mwanzoni aliniambia Rahma analiburuta lile dera kila aendako, ukitaka kulishika anauma. Kisha akawa analitaka usiku tu. Ijumaa iliyopita akaniambia, "Jana amelala bila hata kuliulizia. Amelala mkono kwenye sikio la Mbah." Akamletea Rahma simu niongee naye. Nikaita, "Rahma, Rahma." Nikasikia anamwambia mtu kitu, kwa Kijava, maneno mawili mazima ambayo siyajui. Lastri akatafsiri: "Anasema baadaye."

Nilifurahi. Naapa nilifurahi. Kisha nikaenda kukaa chooni, maana ndiyo sehemu pekee yenye komeo.

Baba anasema akipata zamu moja ya mchana tutamrudisha. Analisema akiwa anavua viatu, halirefushi. Mimi sijui tena ninachokitaka. Kama unalaumu, nilaumu mimi, ni mimi niliyelisema lile neno kibarazani. Na kama unashukuru, basi nishukuru polepole, sina nguvu ya mambo makubwa.

Ahadi yangu ni hii, ndogo lakini yangu. Kila Ijumaa nitaongea naye Kiswahili, akijibu, asijibu, akisema baadaye. Nitamwambia ulivyokuwa unaomba radhi kwa chumvi. Hayo hakuna wa kumwambia kule, wewe wa Kiswahili tunakujua mimi na baba tu. Na nikimaliza shule, nitakwenda mwenyewe, na nitajifunza kupanda mpunga usioelea.

Mungu akupe kupumzika kule kwenye mchanga, mimi nakuaga kwa leo. Ila ukija kumtazama mwanao, usije Al Sadd. Kitandani kwangu hapa niko peke yangu. Nenda kwa mama yako, chumba cha mbele, upande wa ukutani. Ingia taratibu tu, Mama Tini, usimwamshe. Ndiyo kwanza ameanza kuzoea.

Mwanao,
Zuhura